Vikapu vya Iringa, mabegi ya Kijapani: kisa cha kuchagua programu ya duka la mtandaoni

Biashara ninayoichambua hapa iko Iringa mjini, si mbali na Miyomboni. Mwenyewe ni mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua vikapu vya milulu kwa akina mama wasukaji wa vijijini na kuviuza kwa watalii wanaopita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kwa maduka ya Dar es Salaam. Pembeni anauza asali na kahawa ya kusaga. Dukani wapo wasaidizi wawili, na binti yake ndiye anayeshika hesabu. Jina la duka nimeliacha kwa ombi lake.

Tovuti alikuwa nayo tayari. Alitengenezewa na kijana aliyekuwa akisoma chuo hapo mjini, kwa WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) na WooCommerce (nyongeza yake ya kuendeshea duka), kwa bei ya kindugu. Mteja alichagua kikapu, akaandika jina, namba ya simu na mahali alipo, kisha akalipa kwa Lipa Namba na kutuma picha ya ujumbe wa malipo kwa WhatsApp. Mzigo ulipelekwa stendi ya Igumbilo ukapakiwa kwenye basi, risiti ya basi ikapigwa picha na kutumwa kwa mteja, basi, biashara imekwisha. Kijana alipomaliza chuo akapata kazi Dodoma, na tovuti ikabaki haina mwenyewe.

Aliponipigia simu, baada ya kamwene na habari za nyumbani, mama hakutaja usalama hata kidogo. Alitaka "programu nyingine ya duka, iliyo nzuri kuliko hii", kwa sababu wateja walikuwa wakilalamika kwamba wakilitafuta duka lake Google na kubonyeza, wanatupwa kwenye ukurasa wa kubeti. Yeye akifungua kwenye simu yake, duka linafunguka vizuri tu. Alishaanza kuhisi kuna mshindani anamchafulia jina.

Kilichokutwa ndani

Wadukuzi wa aina hii hawana haja ya kumshtua mwenye duka. Wanaweka msimbo unaoangalia mgeni ametokea wapi: aliyeandika anwani ya duka moja kwa moja, au aliyeingia kama msimamizi, anaonyeshwa duka lenyewe, aliyetoka Google anapelekwa kwingine. Ndiyo maana mwenye duka mara nyingi anakuwa wa mwisho kujua. Njia rahisi ya kuona kile ambacho Google inakiona ni kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia neno site, nukta mbili, halafu anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Tulifanya hivyo mezani kwake, kwenye laptopu ya binti. Zilishuka kurasa mamia, zote zikiwa na jina la duka lake na zote zimeandikwa kwa Kijapani: mabegi ya mkono ya kifahari, saa, viatu vya michezo, na bei kwa yeni. Udukuzi huu umeenea kiasi kwamba Google wana mwongozo maalumu wa kuusafisha.

Mama alitazama, akacheka, kisha akanyamaza. "Kwa hiyo mwanangu, mimi siku zote hizi nauza mabegi Japani na pesa anakula mwingine?"

Ndani ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, tulikuta vitu vitatu. Faili kuu la themu, yaani ile sura ya tovuti, lilikuwa na mistari juu kabisa ambayo mtengenezaji wa themu hakuiandika. Kwenye folda ya picha za vikapu kulikuwa na faili lenye jina linalofanana na la picha, ila lilikuwa la PHP, yaani programu inayoendeshwa na seva; anayelijua aliweza kuitumia seva atakavyo, akiingilia mlango wa uani. Na kwenye orodha ya wasimamizi palikuwa na mtu ambaye mama hamjui, binti hamjui, na kijana wa Dodoma naye alipoulizwa akasema hamjui.

Chanzo kinachoelekea zaidi ni themu. Ilikuwa ya kulipia, ya makumi ya dola, lakini kijana aliipakua bure kwenye tovuti inayogawa themu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kufuli la malipo. Wanaogawa kitonga cha namna hiyo wana malipo yao. Kuna familia ya programu hasidi iitwayo WP-VCD ambayo imesambaa miaka mingi kwa njia hiyohiyo: unapewa themu au plagini (programu ya nyongeza) ya bure, ndani yake umo msimbo unaofungua njia, unajinakili kwenye themu nyingine zilizopo, na ukikuta tovuti nyingine kwenye akaunti hiyohiyo ya seva unahamia na huko. Sikumlaumu sana kijana. Kwa ile bei aliyolipwa, hela ya themu ingetoka wapi?

Kwa hiyo WooCommerce, ambayo mama alitaka kuikimbia, haikuhusika na uvamizi huu. Kama angebadili programu na kubaki na mazoea yaleyale, angehama na kunguni wake.

Orodha ya binti

Binti alikuwa ameandaa orodha yake, na aliiandaa vizuri, ana safu za bei na za mambo ambayo kila programu inaweza kufanya. Palikuwa na Shopify, Magento, OpenCart, PrestaShop, na fundi mmoja wa Mbeya aliyeahidi kumwandikia mfumo wake mwenyewe "usiodukulika". Safu ya usalama ilikuwepo pia, na karibu kila kisanduku kilijazwa "ndiyo", maana kila programu inajisifu hivyo kwenye ukurasa wake.

"Dada," nikamwambia, "ifute hiyo safu, weka nyingine: siku mwanya wa kupitia wadukuzi ukitangazwa Jumamosi usiku, nani atauziba kabla ya Jumatatu?"

Sababu ni kwamba hakuna hata mmoja katika hao ambaye hajawahi kukutwa na mwanya. WooCommerce yenyewe, Julai 2021, iligundulika kuwa na kasoro kubwa iliyoweza kumfikisha mvamizi kwenye hifadhidata ya duka. Watengenezaji wakatoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba mwanya, haraka na kukisukuma chenyewe kwenye maduka kwa njia ya usasishaji wa moja kwa moja. PrestaShop, Julai 2022, walitoa tahadhari kwamba wadukuzi wanaingia kwenye maduka na kupachika fomu bandia ya malipo mahali ambapo mteja anaandika kadi yake. Magento ndiyo yenye historia nzito zaidi. Toleo lake la kwanza lilikoma kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2020. Septemba mwaka huohuo, karibu maduka 2,000 yalivamiwa ndani ya wikendi moja, mengi yao yakiwa bado kwenye toleo hilo. Wenye maduka walikuwa wamepewa taarifa mapema. Lakini kuhamisha duka ni kazi na ni gharama, na kwa macho yao duka lilikuwa likiuza kama kawaida.

Ukiitazama orodha kwa swali hilo, majibu yanakuja haraka. Magento ni ya kampuni yenye wahandisi wake, tukaiweka pembeni bila mjadala. OpenCart na PrestaShop zote ni za chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) na zinafaa kabisa kwa duka dogo, ila hapa kwetu ukitafuta fundi wa kuzihudumia unampata mmoja kwa taabu, wakati wa WordPress unawapata Iringa, Mbeya, Njombe, kila mahali. Fundi akiondoka, wa pili apatikane. Kwangu hicho nacho ni kipengele cha usalama.

Mfumo wa kuandikiwa ndio uliompendeza mama. Hoja ya fundi wa Mbeya ilikuwa kwamba programu zinazotumiwa na watu wengi wadukuzi wanazijua, lakini mfumo wake hakuna anayeujua. Ni hoja inayoingia akilini upesi, na ndani yake kuna chembe ya ukweli: programu zinazozunguka mtandaoni kutafuta WooCommerce ya zamani hazitaugusa. Tatizo ni upande wa pili. Mwanya wa WooCommerce unatafutwa na watafiti wengi, unatangazwa, unazibwa. Mwanya wa mfumo wa mtu mmoja unabaki pale mpaka aujue mtu mbaya, na hata ukijulikana, wa kuuziba ni yule mmoja, kama bado anapokea simu. Binti alimuuliza fundi nani atauhudumia mfumo akipata kazi nyingine. Jibu lilikuwa kwamba hana mpango wa kuondoka. Kijana wa Dodoma naye alisema hivyohivyo.

Shopify ndiyo iliyojibu swali la Jumamosi usiku vizuri kuliko zote. Seva ni zao, viraka ni vyao, na viwango vya usalama wa kadi wanavyo vya daraja la juu. Mwenye duka anabakiwa na kazi ya kulinda nenosiri lake na kuchagua kwa uangalifu programu za ziada anazounganisha. Kama mama angekuwa anauza zaidi kwa wateja wa Ulaya wanaolipa kwa kadi, ningemshauri achukue hiyo tusipoteze muda. Lakini wateja wake wengi wako Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, na wanalipa kwa simu. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipo Tanzania, hivyo unatumia lango la malipo la nje, na ukifanya hivyo kwenye kifurushi cha chini Shopify wanakata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya makato ya lango lenyewe. Ongeza ada ya mwezi, dola 39 kwa bei ya Marekani ukilipa mwezi kwa mwezi, ambayo kwa pesa yetu inakaribia laki moja. Kwa kikapu ambacho faida yake ni elfu chache, hayo makato yanauma.

Lilikuwepo na chaguo ambalo binti hakuliandika: kutokuwa na duka la mtandaoni kabisa. Picha za bidhaa kwenye WhatsApp ya biashara, mteja anaagiza kwa ujumbe, anatumiwa kiungo cha malipo. Kisicho na seva hakina seva ya kudukuliwa. Nililiweka mezani nikiwa na nia nalo, na kwa biashara nyingi za hapa ndilo ningelianza nalo. Mama alilikataa kwa sababu nzuri: kampuni za utalii na maduka ya Dar yanayonunua kwa jumla yanataka kuona bei na picha zilizopangwa na kupata ankara bila kumsumbua mtu. Aliyekuwa akishika WhatsApp ya duka, isitoshe, ni msaidizi, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la msaidizi mwenyewe. Hilo la laini tulilirekebisha siku ileile.

Kwenye pesa

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, maana hasara halisi ya mama haikutokana na mabegi ya Kijapani. Ilitokana na picha.

Miezi kadhaa nyuma mtu aliagiza vikapu vikubwa vya nguo, akatuma picha ya ujumbe wa malipo yenye namba ya muamala, jina la duka na kiasi sahihi. Msaidizi akapakia mzigo. Pesa haikuwa imeingia. Ujumbe ulikuwa umetengenezwa. Ukimuuliza msaidizi kwa nini hakuangalia simu ya duka, jibu lake ni la haki: simu inayopokea ujumbe wa Lipa Namba mama alikuwa nayo Mafinga. Basi linaondoka alfajiri, mteja anapiga simu kila dakika kumi, picha ipo mkononi. Ukiiacha kazi ikae hivyo, tapeli wa pili anakuja kwa njia ileile, uwe na programu gani ya duka.

Dawa ni lango la malipo, yaani kampuni inayokaa kati ya duka na mitandao ya simu na benki. Mteja anaandika namba yake ya simu, ombi la malipo linatokea kwenye simu yake, anaweka PIN hukohuko kwenye simu, na lango linaiarifu seva ya duka kwamba oda namba fulani imelipwa. Niseme hapa kwa yeyote anayenunua mtandaoni: PIN ya M-Pesa au ya mtandao mwingine haiandikwi kwenye tovuti kamwe. Tovuti inayokuuliza PIN ni ya wizi, hata ikiwa na kufuli pale juu. Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Vyeti vyake vinatolewa bure na Let's Encrypt tangu 2015, na ule ukurasa wa kubeti ulikuwa nacho pia.

Kumbe kijana wa Dodoma alikuwa ameshaanza kuunganisha lango kabla hajaondoka, kwa plagini aliyopewa na rafiki yake. Haikuwahi kutumika, lakini ilikuwa bado imewashwa. Nilifungua faili lake la kupokea majibu. Lilikuwa fupi: linapokea namba ya oda na neno la hali ya malipo, na neno likiwa SUCCESS, linaiandika oda kuwa imelipwa. Hapo basi. Halikuuliza ujumbe umetoka kwa nani.

Nikamwomba binti aweke oda ya majaribio ya shilingi 240,000 asilipe. Kutoka laptopu yangu nikatuma ujumbe wenye vitu viwili tu, namba ya oda ile na neno SUCCESS. Binti akapakua upya ukurasa wa oda. Ile yake ilikuwa imegeuka rangi na kuandikwa kwamba inashughulikiwa, tayari kwa kupakiwa. Simu ya duka iliyokuwa mezani haikulia. Mama, ambaye mambo ya msimbo hayamhusu, hilo alilielewa kuliko mtu yeyote mle ndani: "Hii ni ileile picha, ila sasa haihitaji hata kupigwa."

Plagini ya malipo inayofaa kwanza inahakikisha kwamba ujumbe umetoka kwa lango kweli, ama kwa saini inayotokana na siri ambayo duka na lango pekee wanayo, ama kwa duka lenyewe kurudi kwa lango na kuuliza, "muamala huu unaujua?" Ikisharidhika hapo, inalinganisha kiasi na sarafu. Wapo wanaosahau hili, na mteja mjanja analipa shilingi 1,000 kwa oda ya laki mbili, lango linasema kwa ukweli kabisa kwamba malipo yamefanikiwa, na duka linatoa mzigo. Inaangalia pia kama namba ya muamala imeshatumika kwa oda nyingine. Na ujumbe uleule ukija mara mbili, jambo la kawaida mtandao ukiyumba, isihesabu mauzo mara mbili. Huna haja ya kujua kuandika msimbo ili kuyapima mengi ya haya. Weka oda, usilipe, uone inabaki hivyohivyo. Mwombe fundi ajaribu kuituma kama nilivyofanya mimi. Akigoma kujaribu, umeshapata jibu.

Kwa upande wa kadi, tulichagua njia ambayo mteja anahamishiwa kwenye ukurasa wa lango lenyewe na kuandika kadi yake huko. Namba ya kadi haipiti kwenye seva ya duka hata kwa sekunde. Kuna watu wanaoridhika wakisikia "hatuhifadhi kadi", lakini kutohifadhi hakutoshi. British Airways waliibiwa mwaka 2018 na watu waliopachika mistari michache ya JavaScript iliyonakili kadi wakati mteja anaandika, na mwaka 2020 mamlaka ya taarifa ya Uingereza ikawatoza faini ya pauni milioni 20. Fomu ya kadi ikiwa kwenye ukurasa wako, anayeushika ukurasa wako anaishika kadi. Ni kweli kwamba mvamizi akishaingia dukani anaweza pia kumpeleka mteja kwenye ukurasa bandia badala ya ule wa lango, kwa hiyo njia hii haiondoi hatari yote. Inaipunguza sana, na inaupunguza pia mzigo wa masharti ya PCI DSS, kiwango cha usalama kinachomhusu kila anayepokea kadi.

Uamuzi na masharti yake

Tulibaki na WooCommerce. Ila duka halikusafishwa, lilijengwa upya. Najua mafundi wengi wangefuta vile vitu vitatu na kudai malipo. Tatizo ni kwamba cha nne hukijui. Orodha ya bidhaa ilitolewa kama jedwali, picha zikafunguliwa na kuhifadhiwa upya moja moja (kazi ya kuchosha, binti aliifanya akisikiliza redio), kisha WordPress mpya ikawekwa kwenye akaunti mpya ya seva. Themu ni Storefront, ya bure na ya watengenezaji wa WooCommerce wenyewe. Haina madoido, na mama alilalamika kwamba duka limekuwa "kavu" mpaka picha za vikapu zilipopanda. Plagini zilibaki chache: ya duka, ya lango la malipo kutoka kwa lango lenyewe, ya uthibitisho wa hatua mbili, ya nakala rudufu. Iliyozimwa nayo inafutwa, kwa kuwa mafaili yake hubaki kwenye seva na mengine yanaweza kuitwa moja kwa moja. Usasishaji wa moja kwa moja umewashwa kwa kila kitu, folda ya picha imekatazwa kuendesha PHP, na kile kihariri cha mafaili ndani ya dashibodi kimezimwa.

Mazoea yalikuwa magumu kuliko mitambo. Duka zima lilitumia akaunti moja ya msimamizi, na nenosiri lilikuwa limeandikwa kwa peni kwenye karatasi, limebandikwa ukutani chini ya kibandiko cha Lipa Namba, mahali ambapo kila mteja anainua macho. Sasa wasaidizi wana akaunti zao za meneja wa duka, zinazowaruhusu kushughulikia oda na bidhaa bila kugusa plagini wala themu. Usimamizi wote uko kwa binti. Kila jioni analinganisha taarifa ya lango na oda za siku, kwa sababu wapo wateja wanaolipa kweli na ujumbe wa lango ukachelewa au usifike, na hao ukiwasahau wanakuita tapeli wewe.

Halafu jina la tovuti. Ile anwani ya .co.tz, iliyochapwa kwenye lebo za vikapu, ilikuwa imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya kijana. Hakuwa na ubaya wowote; ndivyo mafundi wengi wanavyofanya ili kurahisisha kazi. Lakini mwenye barua pepe hiyo ndiye mwenye duka machoni pa msajili, na barua pepe ikidukuliwa au ada ya mwaka ikisahauliwa, duka linakwenda. Mama alimpigia mwenyewe. "Mwanangu, habari za Dodoma? Naomba unirudishie jina langu." Alirudisha jioni hiyohiyo, na akaomba radhi bila kuombwa. Nikiulizwa ni kipi kwenye kazi hii yote kilichokuwa cha bei rahisi na cha thamani kubwa, nitataja simu hiyo.

Tulipunguza pia kilichomo ndani. Seva ya zamani ilikuwa na majina, simu na mahali walipo wateja wa tangu duka lifunguliwe, pamoja na maelfu ya oda zilizokatishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu hata muuza vikapu: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda. WooCommerce ina mpangilio wa kufuta taarifa za oda zilizokwama au kukatishwa baada ya muda unaouchagua. Kumbukumbu za mauzo yaliyokamilika zinazohitajika kwa ajili ya kodi, binti anazitunza nje ya tovuti.

Nakala rudufu zilizokuwepo awali zilikaa kwenye akaunti ileile ya seva, na zote zilikuwa na uchafu uleule. Sasa zinakwenda kila usiku mahali pengine, chini ya nenosiri jingine. Kabla ya kukabidhi tulirudisha moja kwenye laptopu na kuhakikisha duka linafunguka na oda zimo.

Ubishi ulikuja kwenye malipo ya mwezi ya uangalizi. Mama alishalipia kutengenezwa, hakuona kwa nini alipie tena. "Kompyuta nayo inataka mshahara?" Binti ndiye aliyemjibu, kwa hesabu: mzigo mmoja wa vikapu uliopotea kwa ile picha ulizidi ada ya miezi mingi. Mkataba ni wa ukurasa mmoja. Unasema tahadhari ya usalama ikitoka, fundi anakagua ndani ya siku moja kwamba kiraka kimeingia; kwamba kila robo mwaka nakala moja inarudishwa kwa majaribio; kwamba funguo zote ziko kwa binti, na fundi akiondoka au akifukuzwa, akaunti yake inafutwa siku hiyo. Fundi mwenyewe ni wa hapohapo mjini, si mimi.

Kurasa za Kijapani zilichukua wiki kadhaa kupotea Google, hata baada ya seva kujibu kwamba hazipo tena na sisi kuomba ukaguzi kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Katika muda huo mauzo ya mtandaoni yalikuwa hafifu, na mama alirudi kuuliza kama haikuwa afadhali kuchukua Shopify. Kwa kipindi kile alikuwa na haki ya kuuliza.

Swali hilo halijafungwa. Duka moja la Uholanzi limeandika likitaka vikapu kwa jumla, na likiagiza mara kwa mara, uwiano wa wateja wa kadi na wa simu utabadilika, na hesabu ya asilimia 2 nayo itabadilika. Kwa sasa wanahudumiwa kwa ankara na malipo ya benki, nje ya duka la mtandaoni. Binti ameandika kwenye daftari lake kwamba waangalie upya kabla ya kulipia seva ya mwaka mwingine.